Nilimjua Mchumba Wangu Kwenye Gia Namba Mbili

Wanasema ukitaka kumjua mtu, safiri naye. Wengine wanasema mkopeshe hela. Shosti wangu mmoja wa ofisini anasema mpeleke sokoni mchana wa jua kali, halafu umwangalie anavyoongea na wauza nyanya. Yote sawa, sibishi. Ila kwa wewe msomaji ambaye una pete kidoleni, au unaisubiri, mimi nina kipimo changu: nunueni pikipiki mbovu, itengenezeni, halafu iuzeni pamoja. Kwenye kununua mtacheka. Kwenye kutengeneza mtanuniana. Siku ya kuuza ndiyo utakayomwona mtu mwenyewe.

Sisi tulifanya hivyo mwaka 2022, hapa hapa Dar es Salaam, na wala hatukuwa na nia ya kupimana. Tulitaka hela. Barua ilishajibiwa, mahari imelipwa (isipokuwa blanketi la bibi, ambalo lina hadithi yake ndefu), kamati ya harusi imeundwa na kadi za michango zimesambazwa. Wenye uzoefu na kamati mnajua: ahadi zinaandikwa kwa mbwembwe, hela zinakuja kwa mafungu. Mwenye ukumbi hakuwa na habari na ahadi zetu. Alitaka 400,000 za kushikia Jumamosi yetu, na alitupa miezi miwili.

Mimi ni afisa mikopo. Kazi yangu ni kukaa mezani na watu wanaotaka kununua vyombo vya kufanyia kazi, na wateja wangu vijana wengi ni madereva wa bodaboda. Hesabu zao nazijua kuliko za mjomba wangu. Wengi huanzia kwenye pikipiki ya mtu: ama anapeleka hesabu ya kila siku kwa tajiri, ama wameandikishana mkataba kwamba akishaleta hesabu kwa mwaka na miezi kadhaa, chombo kinakuwa chake. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoitambua pikipiki kama chombo halali cha kubeba abiria, kiu ya kijana wa mjini ni kuwa na yake. Mpya wakati ule ilikuwa inapita milioni 2 na nusu. Ndiyo maana ya mkononi, ikiwa nzima na makaratasi yake yamekaa vizuri, haikai barazani kwa mtu hata wiki.

Mwenzangu ofisini anashinda kwenye kompyuta, mikono laini kama ya mtoto. Lakini baba yake alikuwa fundi baiskeli Morogoro, baadaye akahamia kwenye pikipiki, na yeye amekua akimshikia spana. Wazo lilikuwa lake. Mtaji ulikuwa wetu: 600,000 yangu na 600,000 yake, tukaziweka kwenye laini moja ya simu na namba ya siri tukaijua wote wawili. Daftari nikashika mimi. Tuliambiana kwamba ikifika 1,200,000 tunasimama, hata kama pikipiki imebaki haina tairi.

Tukaipata Kigogo. Boxer 150, nyeusi, imeegemezwa ukutani miezi minane, kuku wamefanya siti yao. Mwenye nayo alitaka 800,000 na alikuwa na sentensi moja tu ya kuisifia: "Hii ni plagi tu." Ukisikia muuzaji anasema ni plagi tu, jiulize kwa nini plagi ya shilingi elfu tano imemshinda miezi minane.

Mwenzangu alivua shati akabaki na fulana, akaanza. Alichomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini huku akiniambia nipige kiki kwa mkono. Cheche ilikuwepo, ya bluu, nzuri. Basi umeme upo. Akaweka kidole kwenye tundu la plagi, nikapiga kiki tena. Upepo ulitoka, lakini kwa uvivu, kama mtu anayepuliza chai. Plagi yenyewe ilikuwa nyeusi na imelowa oili. Plagi ya injini yenye afya, alinieleza, huwa na rangi ya kahawia iliyofifia. Ikiwa nyeusi kavu, petroli ni nyingi mno. Ikilowa oili, ujue oili inapanda juu mahali isipotakiwa. Akafungua tangi, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Petroli ya miezi minane hainuki petroli, inanuka kama rangi ya mlango. Chini kulikuwa na kutu.

Kila kasoro aliyoiona aliiandika kwenye karatasi, kwa utulivu, bila kumdharau mwenye mali. Mwisho akamkabidhi karatasi ile. Cheni imelegea, meno ya gurudumu lake yamechongoka kama ya papa. Betri imekufa. Tairi la nyuma kipara. Siti imechanika. Indiketa mbili hazipo. Tukafika 620,000. Nilichokipenda ni kwamba mwenzangu hakuongeza kasoro hata moja ya uongo. Nililiona hilo, nikaliweka akilini.

Halafu ikawa zamu yangu, na hapa naomba wanawake wenzangu mnisikilize, kwa sababu tukifika kwenye injini huwa tunasogea pembeni na kushika pochi. Nikaomba kadi. Nikainama kwenye shingo ya pikipiki, pale usukani unapokutana na mwili, nikafuta vumbi nikasoma namba ya chasisi. Nikasoma na ya injini. Zote zililingana na kadi, lakini jina kwenye kadi halikuwa la huyu bwana. Yeye alinunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu, na wote watatu hawakujisumbua kwenda TRA kubadilisha umiliki. Alikuwa na karatasi ya daftari la shule imeandikwa "nimemuuzia ndugu yangu pikipiki", saini kama mdudu aliyekanyagwa.

Nikasema hela haitoki mpaka mwenye jina aje asaini mbele ya wakili. Muuzaji akakasirika. Hata mwenzangu alinivuta pembeni: "Tutaikosa, mpenzi." Nikamwambia tukiikosa tutapata nyingine, lakini pikipiki isiyo na kadi safi ni kesi iliyowekewa magurudumu. Tulikaa siku kumi na mbili. Mwenye jina alipatikana Mbagala, mzee wa makamo, mpole, ambaye hakuwa na habari kwamba miaka yote hiyo chombo kinazunguka mjini kwa jina lake. Alishtuka sana. Kwenye mfumo wa Polisi wa kukagua madeni ya trafiki tulikuta faini mbili, zikakatwa kwa muuzaji. Mzee akasaini, wakili akagonga muhuri, tukaingiza mzigo kwenye kirikuu mpaka Tabata, nyumbani kwa kaka yangu. Nauli 20,000.

Barazani kwa wifi

Wifi yangu ni mtu wa usafi. Siku ya kwanza alitandika maboksi barazani na kutoa sheria: oili isivuke boksi, na petroli isilale ndani ya geti. Tuliheshimu. Kila jioni tukitoka kazini mwenzangu alikuwa anapitia pale, anavaa ovaroli la marehemu baba yake, anafanya saa moja na nusu mpaka mbu wanamfukuza. Jumamosi tulikuwa tunaanza asubuhi. Fundi wa mtaani, kijana mwenye kibanda karibu na kituo, alikuja kwa kazi nzito, tukapatana 80,000 kwa zote.

Sikutegemea kwamba nitaipenda kazi ile. Nilipewa kabureta. Ukiitazama haraka ni kichuma tu, lakini ndani kuna vitundu vyembamba kuliko sindano, na petroli iliyolala huacha gundi inayoviziba. Nilikaa na bakuli la petroli safi, mswaki wa zamani na uzi mmoja wa shaba tuliouchomoa kwenye waya wa umeme, nikazibua kimoja kimoja huku nikichungulia mwanga. Usitumie kitu kigumu, mwenzangu alionya, tundu likipanuka hata kidogo pikipiki itakunywa mafuta mpaka mwenye nayo alie. Tangi tulilitia kokoto ndogondogo na maji ya sabuni, tukalitikisa kwa zamu kama watu wanaocheza ngoma, kutu ikatoka ya rangi ya chai ya maziwa.

Ilipowaka mara ya kwanza majirani walikuja kupongeza, na baada ya dakika mbili wakaanza kukohoa. Moshi wa bluu. Kwa ambao hamjui lugha ya moshi: mweusi ni petroli nyingi, mweupe unaopotea asubuhi ya baridi ni unyevu tu, wa bluu ni oili inayoungua. Fundi akafungua kichwa, akavua silinda. Ringi zilikuwa zimelika na pistoni ina michirizi ya kusimama, kama ukuta uliokwaruzwa na paka. Kuna njia mbili hapo: kupeleka silinda ikapanuliwe kidogo na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, au kununua bloku mpya na pistoni yake. Tukachukua bloku na gasketi zake Kariakoo, 95,000. Ndiyo raha ya Boxer na TVS, ukikosa spea duka hili unaipata la pili, na kila fundi nchini ameshaifungua. Wale wanaonunua pikipiki kubwa za ajabu ajabu kwa sababu bei imeshuka, nawatakia heri, lakini bei imeshuka kwa sababu.

Kupitia kwenye pikipiki ile nikajua pia vitu vingine. Nikajua mwenzangu anapokwama hapigi kelele, ananyamaza, na ukimuuliza anasema "hamna kitu" mara tatu kabla ya kusema kilichopo. Nikajua anapenda urembo. Alitaka vioo vya pembeni vipya, stika za moto kwenye tangi, taa za rangi chini ya siti. Tulinuniana Jumapili nzima kwa ajili ya stika. Mimi msimamo wangu ni kwamba mnunuzi wa bodaboda anasikiliza injini kwanza, halafu anaangalia matairi, halafu anakalia siti. Siti tukaishona upya kwa 20,000, na hiyo sijutii, maana siti ndiyo inayomshika mtu kabla hajaamua. Stika hazikununuliwa. Rangi ya tangi na mapaja, 30,000, tukakubaliana.

Wiki ya saba daftari langu lilisomeka hivi: ununuzi 620,000, kirikuu 20,000, bloku 95,000, plagi 5,000, oili mara mbili 24,000 (injini yenye bloku mpya unaiendesha taratibu mwanzoni, kisha unamwaga ile oili ya kwanza na vumbi lake la chuma), seti ya cheni 38,000, tairi na tyubu 55,000, breki mbele na nyuma 14,000, betri 35,000, siti 20,000, indiketa na balbu 16,000, rangi 30,000, fundi 80,000. Wakili, picha, nauli na makaratasi ya pande zote mbili, yaani pamoja na ya kumhamishia mnunuzi, 90,000. Jumla 1,142,000. Bei ya Boxer ya umri ule, ikiwa nzima, ilikuwa inacheza kwenye 1,550,000. Piga hesabu mwenyewe: faida 408,000. Ukumbi 400,000. Nilimwonyesha kaka daftari, akasema Mungu ni mwema.

Mlima wa Goba

Jumamosi moja kabla ya kuuza mwenzangu akasema twende tukaijaribishe kwa umbali. Mpaka hapo ilikuwa imezunguka mitaa ya Tabata tu, na Tabata ni tambarare. Tukavaa helmeti, mimi nyuma, tukatoka mpaka Makongo, tukashika njia ya Goba yenye vilima. Hewa nzuri, injini inaimba, nikawa nimemshika kiuno nimesahau kabisa habari za ukumbi.

Katikati ya mlima aliingiza gia namba mbili na kuvuta mafuta. Ikasikika "taa!", injini ikapiga kelele bila kwenda, pikipiki ikaanza kurudi. Akashika breki. Akaingiza tena, ikachomoka tena. Tulishuka, tukarudi chini, tukarudia mara tatu. Kwenye tambarare gia inakaa. Ukiwa mwenyewe mlimani, inakaa mara nyingine. Ukiwa na abiria mgongoni na mlima mbele, inaruka.

Fundi hakushangaa. Alisema ama meno ya gia yamelika, ama kile chuma chenye umbo la uma kinachosukuma gia kimepinda. Vyote viko ndani kabisa, na kuvifikia lazima injini ishuke na kupasuliwa katikati. Ufundi na spea, laki moja na nusu, ikibidi zaidi. Na wiki nyingine, au mbili. Halafu akacheka akampiga mwenzangu begani: "Bosi, mnunuzi akija mjaribishie Mandela. Barabara imenyooka kama meza. Atajua mwezi ujao, na mwezi ujao wewe uko fungate."

Usiku ule tulikaa barazani mpaka wifi akazima taa kwa makusudi. Njia zilikuwa tatu. Tufungue injini, na tuchelewe tarehe ya mwenye ukumbi. Tuuze na kusema ukweli, tupunguze bei. Au Mandela. Hiyo ya tatu hakuna aliyeitaja kwa mdomo, ila ilikuwa imekaa pale kati yetu kama mgeni. Mimi nilitaka tuifungue, nikamwambia tumbembeleze mwenye ukumbi. Yeye alisema hana uhakika tutakuta nini ndani, tunaweza kula mtaji wote na kusimama kwenye 1,200,000 injini ikiwa kwenye ndoo. Sote tulikuwa na hoja. Tukaagana hatujaamua. Na mnunuzi alikuwa amepangwa kesho yake saa nne.

Alikuja kijana wa Kimara, miaka kama ishirini na nne, na mama yake. Nilidhani atakuja na fundi, amekuja na mama. Kijana alikuwa kwenye pikipiki ya tajiri miaka mitatu. Mama anauza chakula, na nusu ya hela ilikuwa yake, imefungwa kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hamjambo. Ndiyo hii?"

Ndiyo hiyo. Kijana aliisikiliza, akaiinamia, akaangalia bomba la moshi, safi. Akaizungusha mpaka Mandela na kurudi, bila sisi kumwelekeza, kwa sababu ndiyo barabara iliyo karibu. Alirudi anatabasamu kwa meno yote. Makaratasi nikamwonyesha mimi, namba moja moja. Wakabishana bei kwa adabu, tukasimama pale pale, 1,550,000. Wifi akaleta chai. Mama akafungua pindo la khanga, akaanza kuhesabu noti juu ya stuli.

Alipofika laki nne mwenzangu akasema, "Mama, samahani. Kabla hujaendelea."

Akawaeleza. Gia namba mbili, mlima, abiria. Akaeleza kilichomo ndani na gharama aliyotajiwa na fundi, bila kupunguza. Akamwambia kijana, kama una muda twende Goba sasa hivi, mama abaki hapa, upande na mimi nyuma uione mwenyewe. Kijana alimwangalia mama. Mama aliweka noti chini, akazifunika kwa kiganja.

"Sasa baba, kwa nini unaniambia?"

"Kijana anaishi Kimara, mama. Kule ni vilima. Na atabeba watu."

Walienda Goba, wakakaa saa nzima. Mimi nikabaki na yule mama. Hatukuongea mengi. Aliniuliza harusi lini, nikamwambia, akasema nimpe kadi ya mchango, atatoa hata elfu tano. Nilikuwa natazama noti zile chini ya kiganja chake na najua kabisa ni kiasi gani kitapungua.

Walivyorudi wakapatana 1,400,000.

Nitasema wazi nilivyojisikia, maana nadhani kurasa hizi huwa tunaziharibu kwa kuandika kama watakatifu. Nilijivunia. Nilikuwa nimemwona mwanamume wangu akimwambia ukweli mtu ambaye asingeweza kamwe kuujua kwa wakati, huku ukumbi wetu mwenyewe ukiwa mezani. Mwanamke anaweza kukaa na mtu miaka mitano asilione hilo. Na papo hapo nilikuwa na hasira. Sikuwa na ugomvi na ukweli wenyewe, ningeusema mimi asipousema yeye. Ila nusu ya ile 150,000 ilikuwa yangu, na sikuulizwa. Usiku tulikuwa bado tunabishana, asubuhi mwenzangu akaamua peke yake, mbele ya wageni, na mimi nikabaki na sinia la vikombe. Mtu anaweza kuwa mkweli kwa dunia nzima na bado akasahau kwamba aliye pembeni yake ni mbia.

Nilimwambia hivyo jioni ile ile. Alianza na "hamna kitu". Mara ya tatu akasema kweli: aliogopa kwamba akiniuliza nitataja ukumbi, na nikiutaja atashindwa kufungua mdomo. Yaani hakuwa ananiogopa mimi, alikuwa anajiogopa. Tulikaa kimya kirefu. Nikamwambia sawa, nimekuelewa, lakini siku nyingine nipe nafasi ya kukushangaza.

Tukaandikishana, kwa utani na si kwa utani, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari: bei na kasoro vinaamuliwa na wawili kabla mgeni hajaingia getini. Saini mbili. Wifi shahidi.

Faida ilikuwa 258,000. Nilihesabu na saa zetu, maana ndiyo ugonjwa wangu: saa 61 za watu wawili, kama shilingi 4,200 kwa saa. Ukitaka kuajiriwa na pikipiki mbovu, mshahara ndiyo huo, na hapo tulinunua vizuri. Faida ya biashara hii inapatikana siku unayonunua. Ukishafungua injini unakuwa unaitetea tu isipotee. Mwenye ukumbi alikataa 258,000. Jumamosi ikaenda kwa watu wengine, tukapewa Jumapili kwa malipo ya awali tuliyoyamudu. Mashangazi wa Moshi walinung'unika kwamba Jumatatu ni siku ya kazi, wakaja hivyo hivyo, na wakacheza mpaka taa zikazimwa.

Yule mama alileta elfu kumi. Kijana aliifungua injini mwezi uliofuata kwa fundi wake mwenyewe, akamtumia mwenzangu picha: kile chuma cha uma kimepinda, unakiona hata kwa macho. Ilimgharimu 140,000. Mwenzangu alinionyesha picha ile kitandani usiku wa manane kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto.

Sasa hivi barazani kuna Honda CG125, ya zamani, bluu. Honda waliitoa mara ya kwanza mwaka 1976, na ndani ya injini valvu zake zinasukumwa na vifimbo badala ya cheni ya ndani, kitu kimoja kidogo cha kunyooka na kuharibika. Kadi ina jina la aliyetuuzia, hilo nililianza mimi kabla hatujaongea bei. Gia zote tumezijaribu Goba, watu wawili mgongoni. Mwenzangu anataka tuipake nyekundu. Mimi nasema bluu ile ile inatosha, rangi ni 30,000. Mnunuzi anakuja Jumamosi na bado hatujakubaliana.